Umenunua Simu ya Mtumba, Kumbe Iliibwa: Kesi Kama Hii Huamuliwaje?

Tuseme unafanya kazi Kitisuru. Jioni moja stejini jamaa anakuonyesha simu safi, karibu mpya. Dukani ni elfu thelathini. Yeye anataka elfu kumi na mbili, ya haraka, ati ana shida ya hospitali. Unamtumia pesa, unaweka laini yako, unaenda zako. Miezi miwili baadaye unapigiwa na afisa wa upelelezi: fika kituo cha polisi cha Spring Valley, uje na hiyo simu.

Wengi hujiuliza walipatikanaje. Kila simu ina nambari yake ya IMEI (bonyeza *#06# uione). Laini ikiingia ndani ya simu, mtandao huweka rekodi ya laini hiyo pamoja na IMEI. Mwenye simu akiripoti wizi na kupewa nambari ya OB, wapelelezi wanaweza kuomba rekodi hizo kwa kampuni ya simu. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hivyo jina linalotokea ni lako. Mwizi mwenyewe pengine hakuweka laini yake humo hata dakika moja.

Shtaka lenyewe

Shtaka la kawaida ni kupatikana na mali ya wizi, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 14. Si kesi ndogo, hata kama simu yenyewe ni ya elfu kumi. Lakini soma vizuri sheria inasema nini: kuwa na kitu kilichoibwa peke yake si kosa chini ya kifungu hiki. Upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba ulijua kimeibwa, au ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo, na ukakipokea au kukiweka kwa nia mbaya.

Kuna hali mbaya zaidi. Kama mwenye simu alitishwa kwa kisu au bunduki, hati ya mashtaka mara nyingi huanza na wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2), ambacho adhabu yake kisheria ni kifo. Kupatikana na mali ya wizi huwekwa chini kama shtaka mbadala. Mtu aliyenunua simu stejini anaweza kujikuta anajibu yote mawili.

Hapo ndipo korti hutumia kanuni ya kupatikana na mali iliyoibwa karibuni. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2006 mambo manne ambayo lazima yathibitishwe kwanza: mali ilipatikana kwako, ni ya mlalamishi kweli, iliibwa kutoka kwake, na iliibwa karibuni. "Karibuni" hutegemea kitu chenyewe. Mahakama ilisema muda hupimwa kwa wepesi wa mali hiyo kupita mkono hadi mkono. Simu hubadilisha mikono haraka sana. Inaweza kuibwa asubuhi na kufika Luthuli Avenue kabla ya chakula cha mchana. Lori haliuziki hivyo. Kwa hiyo miezi miwili kwa simu si sawa na miezi miwili kwa lori.

Mambo hayo manne yakithibitishwa, korti inaweza kukuchukulia kuwa mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi, isipokuwa utoe maelezo yanayoingia akilini. Huhitaji kuyathibitisha kwa uzito ule unaotakiwa kwa upande wa mashtaka. Yanatakiwa tu yawe ya kuaminika.

Mesej yetu inasaidia wapi, na inaishia wapi

Ujumbe wa malipo unaonyesha jina la aliyepokea, kiasi, tarehe na saa. Kwa mtu anayeulizwa "ulinunua kwa nani?", hiyo ni tofauti kubwa na "kwa kijana fulani wa steji, simjui jina". Inampa mpelelezi mtu wa kumtafuta. Kesi nyingine huishia hapo hapo kituoni: muuzaji anapatikana, na mnunuzi anakuwa shahidi badala ya mshtakiwa.

Lakini tusiuze ujumbe huo kwa bei isiyo yake. Unathibitisha kwamba ulimtumia mtu elfu kumi na mbili. Hausemi zilikuwa za nini. Andikeni karatasi fupi: majina, nambari za vitambulisho, IMEI, bei, tarehe, sahihi zenu. Muuzaji akikataa kutoa kitambulisho, ameshakujibu. Na bei ya kutupa hugeuka kuwa ushahidi dhidi yako, kwa sababu wakili wa serikali atauliza kwa nini simu ya elfu thelathini ilikuja kwa elfu kumi na mbili usiku, bila boksi, bila risiti.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: simu ikishikiliwa kama kielelezo, mesej zako zinaweza kushikiliwa pamoja nayo. Picha ya skrini nayo inaweza kupingwa. Omba taarifa rasmi ya akaunti yako mapema. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, huruhusu rekodi za kielektroniki kortini lakini hutaka masharti fulani yatimizwe, ikiwemo cheti kuhusu jinsi rekodi ilivyotolewa.

Kwa wanaofanya kazi za nyumbani mitaa kama Kitisuru, Loresho na Kyuna, hatari nyingine ni zawadi. Mwajiri anahama, anakuachia laptopu ya zamani, televisheni, simu ya mtoto. Anakwenda nje ya nchi na hapatikani tena. Ukisimamishwa barabarani ukiwa na laptopu begani, polisi wakishuku, kifungu cha 323 kinaweza kukutaka ueleze uliipataje. Mwombe mwajiri akutumie ujumbe mmoja tu kabla hajaondoka: "Nimempa fulani laptopu hii." Si kumkosea adabu, na mwajiri muungwana ataelewa.

Kutoka kituoni hadi uamuzi

Ukikamatwa, Katiba, ibara ya 49, inakupa haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zitaisha korti imefungwa. Bondi ya polisi ni bure. Dhamana ya pesa hutolewa risiti. Akitokea mtu anataka "dhamana" itumwe kwa nambari yake binafsi, usitume.

Nairobi, kesi hizi husikizwa na mahakimu katika korti kama Milimani na Kibera. Siku ya kwanza unasomewa shtaka, na hapo watu wengi huumia. Hakimu anauliza, wewe unajibu "ndiyo, nilipatikana nayo", ukidhani umesema ukweli tu. Sema jibu lote: "Nilikuwa nayo lakini sikujua imeibwa." Huko si kukubali kosa, na hakimu anapaswa kuandika kwamba umekanusha. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu huu mwaka 1973, nao bado unafuatwa: shtaka lisomwe kwa lugha unayoielewa, maelezo ya kesi yasomwe, upewe nafasi ya kuyapinga. Kama Kiswahili cha korti kinakupita, omba mkalimani.

Baada ya hapo kesi inaweza kuchukua njia kadhaa. Mlalamishi aliyerudishiwa simu anaweza kuomba kuondoa malalamiko, ila mpaka hakimu akubali. Kusameheana nje ya korti peke yake hakufuti kesi. Mnaweza kufanya makubaliano ya mashtaka na afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Au kesi inasikizwa, na mashahidi wakishamaliza hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Kama huna, unaachiliwa bila hata kujitetea. Ukipatikana na hatia, miaka 14 ni kilele tu. Hakimu ana nafasi ya kutoa faini, kifungo cha nje au huduma ya jamii, akiangalia rekodi yako na thamani ya mali. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Na simu?

Simu inarudi kwa mwenyewe. Hata ukiachiliwa, hata kama ulilipa kila shilingi, mwizi hakuwa na umiliki wa kukuuzia. Hii ndiyo sehemu inayouma watu walionunua kwa nia safi, na sheria haiwapi njia ya kubaki nayo.

Dai lako ni kwa aliyekuuzia. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kufunguliwa Milimani mwaka 2021, husikiza madai ya mauzo ya bidhaa hadi shilingi milioni 1, na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Unachohitaji ni jina la wa kushtaki, kiasi ulicholipa na tarehe, na aliyelipa keshi stejini kwa kawaida hana hata kimoja cha kuonyesha. Wewe uliyelipa kwa simu, beba taarifa ya akaunti yenye muamala huo, ile karatasi yenu ya mauziano na nambari ya OB ya kesi.