Mkeo Ameonekana Garini



Tuseme mama mmoja anakaa Woodley na anafanya kazi ya uhasibu mjini. Kila mwisho wa mwezi hufunga hesabu pamoja na mwenzake wa kiume hadi saa mbili usiku. Yule bwana huelekea Ngong, kwa hiyo humpa lifti hadi Adams Arcade. Jirani anamwona akishuka garini huku akicheka. Kabla mama hajafika mlangoni habari imekwisha kutangulia, tena imenona njiani.

Jirani hakusema uongo. Gari lilikuwepo, mwanamume alikuwepo, kicheko kilikuwepo. Asichokiona ni saa nne nzima za kutafuta shilingi mia sita zilizopotea katika hesabu. Kile kicheko ni cha watu waliozipata hatimaye. Urafiki wa kazini huzaliwa hivyo, kwa mkubwa mmoja mkali, birika moja la chai na shida moja ya kila mwezi. Mtu wa nje huona kipande tu, kisha hujaza mapengo kwa mambo ya moyoni mwake mwenyewe.

Hata wakubwa hawakusalimika. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeadhimisha Misa Uhuru Park mwezi Agosti 1985 katika Kongamano la Ekaristi lililohusu Ekaristi na familia ya Kikristo, alikuwa na rafiki mwanafalsafa, Anna-Teresa Tymieniecka, mke wa mtu na mama wa watoto. Walianza kufanya kazi pamoja kabla hajawa Papa, wakitayarisha toleo la Kiingereza la kitabu chake cha falsafa, lililotoka mwaka 1979. Waliandikiana barua kwa miaka mingi. BBC ilipotangaza habari ya barua hizo mwaka 2016, pamoja na picha zao wakiwa kambini, wengi walirukia wazo moja tu, ingawa watangazaji wenyewe hawakudai kwamba alivunja useja wake. Urafiki ulikuwa mzito, hilo halifichiki. Lakini uzito si uzinzi.

Katekisimu ya mwaka 1992, inapofafanua Amri ya Nane, inataja kosa la kumhukumu mtu pasipo msingi: kukubali, hata kimoyomoyo, kwamba jirani ametenda kosa bila ushahidi wa kutosha. Hata kimoyomoyo! Basi mume anayelala na habari ya jirani kifuani bila kumwuliza mkewe, naye ana fungu lake.

Lakini tuache jirani, turudi nyumbani. Je, mume alilijua jina la yule bwana? Kama mama alikuwa amesema asubuhi, "Baba, leo tunafunga hesabu, fulani atanileta," habari ya jirani ingefika imepoa kama uji wa jana. Mume akiisikia kwanza barabarani, hata jambo safi huanza kunuka. Mkaribisheni huyo mfanyakazi mwenzenu chai Jumapili baada ya Misa, pamoja na mkewe. (Nawe bwana, usimhoji kama polisi.)

Hatusemi kila urafiki wa kazini ni salama. Ila alama ya hatari si gari wala kicheko. Ni pale unapoanza kumweleza mwenzako wa kazini makosa ya mumeo, au unapofuta ujumbe kwenye simu kabla hujaingia mlangoni. Hapo pengine jirani hajui lolote, lakini wewe unajua.

Na jirani ajibiwe nini? "Namfahamu, humleta mama kila mwisho wa mwezi." Yatosha. Usiongeze maelezo, maana maelezo mengi humpa kazi ya jioni.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, ulizaneni wawili: ni nani huko kazini kwako ambaye sijawahi kusikia jina lake, na ni kwa nini?