Walal, Isome Kabla ya Kuizima

Mdogo wangu mmoja anayeuza Wi-Fi Garissa mjini ameniandikia. Kompyuta yake ya Linux inayogawa intaneti hutulia mchana kutwa. Baada ya sala ya Isha, wateja wakiingia kwa pamoja, simu za WhatsApp zinakatikakatika na logi inajaa mistari ya "page allocation failure". Kila ikitokea huizima na kuiwasha upya. Sasa anataka kutuma pesa Nairobi aletewe RAM.

Walal, zishike pesa zako kwanza. Na usiizime tena kabla hujaandika `dmesg` ukasoma, maana ukiwasha upya ujumbe huo unaweza kupotea.

Mwanzoni mwa mstari utaona jina la programu, pengine swapper au ksoftirqd, na hapa wengi hupotea. Hilo ni jina la aliyekuwa kwenye prosesa tatizo lilipotokea. Usimhukumu kwa hilo. Tafuta GFP_ATOMIC, na namba inayofuata neno order.

Pakiti ikifika kwenye kadi ya mtandao, kerneli lazima iipatie nafasi papo hapo. Hairuhusiwi kungoja kache ya diski iondolewe. Nanyi mnajua: boza la maji liko njiani, lakini anayetaka kutawadha sasa hivi anategemea kilichomo kwenye jerikeni. Ndiyo maana amri ya `free` inaweza kukuonyesha kache ya giga nzima, na bado pakiti ikakosa KB 4. Kama umeweka Squid kwenye mashine hiyohiyo ili kuokoa bando, basi inaandika diski na kujaza kache saa ileile pakiti zinapomiminika.

Jerikeni la kerneli, yaani akiba ya kumbukumbu inayoachwa wazi, hupangwa kwa vm.min_free_kbytes. Kerneli huikadiria kwa kipeuo cha pili cha kumbukumbu: mashine ya GB 4 hupata kama MB 8 hivi, isipokuwa kama mpangilio mwingine umeipandisha. Ukinunua RAM ufikishe GB 8, akiba haifiki hata MB 12. Pesa zimekwenda, na jioni pakiti zinaanguka tena.

Kwa GB 4, jaribu hii:

`sysctl -w vm.min_free_kbytes=65536`

Hiyo ni MB 64. Iangalie jioni kadhaa. Ikitulia, iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/ isipotee ukiwasha upya. Nyinyi wa Ifo, Dagahaley na Hagadera wenye vimashine vya GB 1, anzeni na 16384. Msizidishe, tafadhali. Akiba kubwa mno huziacha programu bila kitu, na kerneli itaanza kuziua.

Order ikiwa 0, lilikosekana ukurasa mmoja tu, na dawa ni hiyo niliyokupa. Ikiwa 3, zilitakiwa kurasa 8 zilizoshikana, na huenda kumbukumbu ipo ila imekatika vipande, /proc/buddyinfo itakuonyesha. Hapo angalia kama kuna mtu aliyepandisha MTU hadi 9000. Irudishe 1500.

Mstari mmoja kwa wiki usikukoseshe usingizi: TCP itatuma pakiti upya. Sauti ya WhatsApp ndiyo inayoumia, maana kwa kawaida hupita kwa UDP, na kilichopotea hakirudi. Mteja anayezungumza na mama yake aliye Wajir hatakusubiri.

Ukishafanya yote na tatizo likaendelea, fungua /proc/meminfo kila asubuhi uandike namba ya SUnreclaim. Ikipanda siku hadi siku bila kushuka, kuna kitu ndani ya kerneli, mara nyingi draiva, kinachochukua kumbukumbu bila kuirudisha. Kuongeza akiba kutaahirisha tu. Hapo sasisha kerneli, au badilisha kadi ya mtandao.