Usiache Chapati Kabla ya Kupimwa
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu kunyonyoka nywele na ugonjwa wa seliaki

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Wakazi wa Kaplong, Sotik na vijiji vya karibu, wengi wao akina mama, wamefika ofisini kwetu wakiwa na vitambaa kichwani na hasira moyoni. Wauza dawa wa pale njia panda, zinapokutana barabara za Kericho, Kisii na Narok, wamewaambia kwamba nywele zao zinaliwa na ngano. Waache chapati, wanunue unga wa mizizi, nywele zitarudi. Pesa zimekwenda, nywele hazikurudi, na sasa hawamwamini muuza dawa wala daktari.

Aliyetapeliwa ana haki ya kushuku, hata kutushuku sisi. Ila tunaomba mtusikilize kwa jambo moja, nasi tutalirudia mpaka lieleweke: USIACHE KULA NGANO KABLA YA KUPIMWA.

Maneno ya muuza dawa yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadanganya vizuri. Upo ugonjwa uitwao seliaki. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, ile protini inayofanya donge la unga wa chapati livutike mikononi bila kukatika, kinga ya mwili wake hukosea adui na kuushambulia utumbo mwembamba. Gluteni imo katika ngano, shayiri na rai. Utumbo huo umefunikwa kwa ndani na vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa husinyaa na kulala, chakula kikapita bila kufyonzwa. Madini ya chuma na zinki yakipungua mwilini, nywele hudhoofika na kupukutika.

Njia ya pili ambayo seliaki hugusa nywele ni upara wa mabaka. Hapa kinga hushambulia mashina ya nywele zenyewe. Mwaka 1995 daktari Corazza na wenzake nchini Italia walieleza kwamba miongoni mwa watu wenye upara huo wamo wenye seliaki wasiojijua, tena wasiolalamika tumbo. Baadhi yao waliota nywele baada ya kuacha gluteni. Lakini hao ni wachache. Wengi wenye mabaka hawana seliaki, na mara nyingi mabaka hujiotea yenyewe bila dawa yoyote. Muuza dawa hujipatia sifa kwa kazi iliyofanywa na mwili wako.

Wako wanaotuambia huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Mwaka 1999 watafiti waliwapima watoto wa Kisaharawi, Waafrika wa jangwani, wakakuta zaidi ya 5 katika kila 100 wana seliaki. Nasi tulio jirani na mashamba ya ngano ya Narok tunakula mandazi asubuhi na chapati jioni.

Sasa tazama kichwa chako, au mwombe dada yako akutazamie mchana, nje, penye mwanga. Ikiwa nywele zimeondoka kandokando ya paji na juu ya masikio, na ngozi ina vipele vidogo pale msuko unapoanzia, hiyo ni kazi ya kukaza. Bonasi ya chai ikitoka saluni hujaa, kila mtu anataka misuko midogo ya kudumu. Msuko unaokunyima usingizi usiku wa kwanza unang'oa nywele. Ukikuta duara lenye magamba na nywele zilizokatikia juu kidogo ya ngozi, hasa kwa mtoto wa shule, hayo ni mapunye na yana dawa ya kumeza. Upara wa mabaka hauko hivyo. Ni duara safi, ukilipapasa ni laini kama shavu la mtoto, halina magamba wala makovu, na ukingoni huenda ukaona unywele mfupi uliokonda shinani.

Nywele zikitoka kichwa kizima, zikajaa kwenye kitana na kwenye mto, swali letu la kwanza litakuwa: ulijifungua lini? Miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua jambo hilo ni la kawaida, na hupita. La pili litakuwa juu ya damu. Hapa kwetu chai ya rangi au ya maziwa huandamana na chakula, na chai huzuia chuma cha mboga kisifyonzwe. Mchumaji chai asiye na damu ya kutosha anywe kikombe chake saa moja baada ya kula, si pamoja na chakula.

Seliaki tunaishuku pale nywele zinapotoka pamoja na dalili nyingine: kuhara kusikoisha, tumbo kujaa, kukonda, mtoto kudumaa, au damu inayopungua tena kila vidonge vya chuma vikiisha.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Hakitafuti ngano. Kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza kwa sababu ya ngano. Ukikaa miezi bila kuila, askari hutawanyika, utumbo huanza kupona, na karatasi itasema huna kitu wakati unacho. Utarudi kwenye chapati ukiamini u mzima, na ugonjwa utaendelea kukula kimyakimya. Ndiyo sababu tunakuwa wakali hapa. USIACHE NGANO KABLA YA KUPIMWA, hata kama shemeji yako aliiacha akapona, hata kama umesoma kwenye simu. Aliyekwisha kuiacha atuambie bila aibu. Daktari aweza kumwelekeza aile tena kila siku, katika zaidi ya mlo mmoja, kwa angalau wiki 6 ndipo apimwe. Asijiamulie nyumbani.

Damu ikionyesha dalili, hufuata kamera inayoingizwa kwa mdomo mpaka mwanzo wa utumbo, na kipande kidogo mno hukatwa kichunguzwe. Msiiogope kamera. Hospitali ya Tenwek, hapa hapa Bomet, imeitumia kwa miaka mingi kuchunguza saratani ya umio.

Kuhusu malipo: jisajilini na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa *147#, anzeni kwenye zahanati mpate barua ya rufaa. Si kila kipimo kinalipiwa. Ulizeni dirishani kabla ya kutolewa damu.

Atakayekutwa na seliaki ataacha gluteni maisha yote, hata kipande cha keki ya sherehe. Bahati yetu ni kwamba chakula cha wazee wetu hakina neno: kimyet ya mahindi au wimbi, mursik, sagaa, managu, maharagwe, viazi, ndizi. Hatari imejificha kwenye kinu. Wimbi lako ni safi, lakini likisagwa baada ya gunia la ngano, vumbi lile jeupe lililoganda kwenye mdomo wa mashine huingia mfukoni mwako. Saga nyumbani, au tafuta kinu kisichosaga ngano kabisa. Unga wa uji uliochanganywa usome karatasi yake kwanza. Bia ya shayiri imo katika katazo. Waumini Wakatoliki wazungumze na padre: barua ya Vatican ya 2017 ilikumbusha kwamba hostia yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na tangu zamani anayeshindwa hata hiyo aweza kupokea divai peke yake.

Ofisi hii imepita saluni kwa saluni, na tunajivunia kwamba leo akina dada wasusi ndio wanaotuletea wateja wao wenyewe. Wao huliona baka kabla ya mwenye kichwa.

Ukija, njoo umekula kama kawaida yako, chapati ikiwemo. Usipake kitu kichwani asubuhi hiyo. Njoo pia na ile dawa ya njia panda, hata kama imebaki masalio chini ya kikopo. Usiifiche wala usiimwage. Daktari akijua ulichopaka na ulichomeza, na kwa muda gani, hatapoteza siku yako akibahatisha.