Shabaha ya Mishale, na Namna ya Kuitengeneza Bila Gharama

Vijana wa darsa yetu hapa Jego wametuletea masuali mawili, na yote mawili yamezuka katika jambo moja. La kwanza: je, yafaa wachange fedha waagize kutoka Nairobi shabaha ya kutupia mishale, ile itengenezwayo kwa sponji ngumu, madhali kutupa mishale ni katika mambo aliyoyahimiza Mtume wetu (S.A.W.)? La pili, na hili ndilo lililotushtua: je, kuna ubaya gani, kwa muda huu ambao shabaha hiyo haijapatikana, kumfunga kunguru juu ya kigingi wakamlenga yeye, kwa kuwa kunguru ni ndege mharibifu na kumuua kumeruhusiwa?

Twaanza na la pili, kwani ndani yake mna uhai wa kiumbe.

Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim ya kwamba Abdullahi bin Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakawa wanamtupia mishale, na walikuwa wamepatana na mwenye ndege ya kwamba kila mshale utakaokosa ni wake. Walipomwona walitawanyika. Akauliza ni nani aliyeyafanya haya, akamlaani mwenye kuyafanya, kisha akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani kila mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Wala tusidhani kwamba vijana wale walikuwa makafiri au wahuni. Walikuwa watoto wa watu wazima wenye heshima zao, nao walikuwa wakijifunza jambo jema kwa njia mbaya, kama hawa wetu.

Ama hoja ya kunguru, sisi hatukatai kwamba ametajwa katika hadithi sahihi miongoni mwa wanyama watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Wala hatukatai kwamba huyu kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ale taka za mji, amekuwa balaa ya pwani yote: ala mayai ya ndege wengine, anyakua vifaranga, na hapana jiko lenye dirisha wazi lililosalimika naye. Serikali ya Kenya yenyewe ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa milioni moja. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.), iliyo katika Sahihi Muslim, tumeamrishwa tufanye wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na kisu kinolewe ili mnyama apumzike. Ndege aliyefungwa kigingini akasubiri mshale wa kumi wa mtoto asiyejua kulenga, hana pumziko lolote. Basi jawabu ni kwamba haifai, wala kwa kunguru, wala kwa mjusi, wala kwa paka wa sokoni. Na mzazi amwonaye mwanawe akifanya hivyo akacheka, naye ana fungu lake katika dhambi hiyo.

Sasa twarejea kwenye suala la kwanza.

Kutupa mishale ni jambo lenye daraja katika dini yetu, hapana shaka. Katika Sura ya Anfal, aya ya 60, Waislamu wameamrishwa kujiandaa kwa nguvu wawezazo, na Mtume (S.A.W.) alizifasiri nguvu hizo, katika riwaya ya Uqba bin Amir (R.A.), kuwa ni kutupa. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo katika pwani hii, alisifika tangu ujana wake kwa kutupa mishale kama alivyosifika kwa elimu. Lakini tutazame huyo Uqba alikuwa na vifaa gani. Alipokuwa mzee, mtu mmoja alimwona akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, akamwambia kwamba kwa umri wake huo anajitaabisha. Akamjibu kwamba lau si neno alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), la kumlaumu aliyejifunza kutupa kisha akaacha, asingejitaabisha. Shabaha mbili, na uwanja baina yake, basi. Hatukusikia kwamba alichangisha watu fedha ili azipate.

Kwa hivyo twawaambia vijana wetu: fedha hizo zibakini mifukoni, au zipelekeni penye haja kubwa zaidi. Shabaha ni kitu cha kutobolewa. Kukinunua ghali kitu cha kutobolewa, na hali vya kukitengenezea vyatupwa jaani kila asubuhi, hakuko mbali na israfu.

Kitu chochote kitakachofaa kuwa shabaha chataka sifa tatu. Kiukamate mshale bila kuupitisha upande wa pili. Kisiwe kigumu cha kuuvunja au kuurudisha kwa aliyeutupa. Na kiuachilie mshale unapovutwa. Mti wa mnazi hauna sifa hizo, maana huung'ang'ania mshale mpaka ukavunjika. Na ukuta wa mawe ya matumbawe ni hatari mno, kwani mshale hurudi, na hakuna ajuaye utarudi kwa jicho la nani.

Rahisi kuliko zote ni shabaha ya gunia. Litafutwe gunia la kilo 90, na la mkonge au la juti ni bora kuliko la nailoni, kwani nyuzi zake husogea kuupisha mshale kisha hurejea mahali pake, na lile la nailoni hukatika na kuchanika kwa jua. Ndani yake mtiwe matambara: nguo zisizovalika tena, vyandarua vilivyotoboka, mashuka makuukuu. Sisi watu wa Jego na Vanga tumebarikiwa kitu kingine, nacho ni nyavu kuukuu za wavuvi, ambazo zaachwa pwani zikanasa kasa na samaki bure. Nyavu hizo zikikunjwa na kuchanganywa na matambara hukamata mshale vizuri sana. Lakini kila kitu kigumu kitolewe kwanza: vifungo, zipu, vishikizo vya chuma, na katika nyavu risasi na vyelezo vyake. Zipu moja iliyosahauliwa yatosha kuuvunja mshale. Mwenye kupenda aweza kutia usumba wa makumbi uliokwisha kupigwa, ila akague pasibaki kipande cha kifuu.

Kazi ya gunia yote ni katika kushindilia. Wengi hujaza kama wajazao mto wa kulalia, kisha wakashangaa mshale umepita. Yapasa kujaza kidogo kidogo, na kila tabaka lipondwe kwa mchi au kwa miguu, na pembe za chini zijazwe kwanza kabla ya kati, maana pembe ndizo husahauliwa. Likijaa, mdomo ushonwe kwa shazia na kamba ya mkonge, kisha gunia lifungwe kamba tatu za kulikaza kiunoni. Baada ya siku chache za kutumika, kati yake patalegea; basi ligeuzwe upande wa pili, na baadaye lifunguliwe liongezwe matambara.

Namna ya pili ni ya makaratasi magumu ya maboksi, nayo yafaa zaidi kwa wenye pinde za nguvu. Wenye maduka hawayataki. Yakatwe vipande vilivyo sawa, vya upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 30, yapangwe moja juu ya jingine hata kimo kifike sentimita 60, na kwa kadiri ya maboksi ya kawaida vitakuwa kama vipande mia mbili. Juu na chini pawekwe ubao, kisha mbao hizo mbili zikazwe kwa kamba au kwa mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli iliyokatwa utepe. Siri ya kazi hii ni kwamba mshale haupigi uso wa boksi, bali waingia kwenye ncha za makaratasi, baina ya kipande na kipande, na mbano ndio uuzuiao. Tumeona watu wakiyapanga kinyume, uso wa boksi ukawaelekea wao, na mishale ikawa yatoboa tundu moja mpaka nyuma.

Namna ya tatu ni ya kale, nayo ni majani makavu ya mpunga, ambayo mashamba ya huku kwetu hayayakosi. Yasokotwe kamba nene ya unene wa mkono, kisha izungushwe toka kati kwenda nje na kila mzunguko ushonwe kwa uliotangulia, mfano wa mama zetu washonavyo ukili wakapata kitanga. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na wake zetu wataifanya vizuri kuliko sisi. Twaitaja kwa uzuri wake, ingawa gunia lamtosha anayeanza.

Maadui wa shabaha zote hizi ni mvua na mchwa. Isiwekwe chini. Iinuliwe juu ya mawe, au itundikwe baina ya nguzo mbili, kati yake ikiwa kimo cha kifua, na zikija mvua za masika iingizwe ndani.

Alama ichorwe kwa duara tu. Misumari miwili na uzi vyatosha kuchorea, chokaa kwa weupe na masizi kwa weusi. Hatupendi kuona picha ya mtu wala ya mnyama juu yake. Kuna maneno ya wanavyuoni juu ya picha, na hata lau yasingekuwapo, hatutaki mtoto azoeze jicho lake kulenga sura ya mwanadamu. Ama ukubwa wa duara, katika mashindano ya Olimpiki shabaha yawekwa mita 70, na upana wa duara zima ni sentimita 122. Gawanya yote kwa saba: kijana aliyesimama mita 10 mbele ya duara la sentimita 17 na nusu hivi, jicho lake laliona kwa udogo ule ule alioukabili Shehzana Anwar, binti wa Kenya aliyebeba bendera ya nchi huko Rio mwaka 2016 na ambaye mchezo wake ulikuwa huu wa upinde. Lakini anayeanza na asimame hatua sita au saba kwanza, na duara lake liwe pana.

Kabla ya watu kukusanyika, shabaha ijaribiwe. Mtu mzima mmoja atupe kwa kuvuta nusu, kisha kwa kuvuta kamili, na kila mara aende kutazama nyuma. Ncha ya mshale ikionekana nyuma, bado haijawa shabaha. Na hata ikiwa nzuri namna gani, nyuma yake pawe na tuta la mchanga au udongo, wala pasiwe na njia ya kisimani, wala kibanda cha makuti, wala mikoko ambamo watu hupita kutafuta kaa. Wapo watakaoikosa shabaha, na hao ndio wengi. Vyembe vya kuwindia vyenye miba visitumike, kwani hulichana gunia. Sumu ya mchungu isikaribie uwanja kabisa. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977, na hapana udhuru wa mtu kuja na mshale wa namna hiyo.

Upigwe mstari, na wote wasimame juu yake. Hapana wa kuuvuka kwenda kuchukua mshale mpaka pinde zote ziwekwe chini na msimamizi atoe idhini. Siku ya Uhud, watupa mishale hamsini waliwekwa mlimani chini ya Abdullahi bin Jubayr (R.A.), wakaamrishwa wasiondoke hata iweje, wengi wao walipoona ushindi waliteremka bila ya idhini, na yaliyowafika Waislamu baada ya hapo yajulikana. Na katika kubeba, mishale ishikwe penye vyembe, kama alivyoamrisha Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kupita nayo msikitini au sokoni, asije akamjeruhi mtu.

Liko jambo jingine ambalo vijana hawalikumbuki, na sisi twalikumbuka. Mwezi wa Agosti mwaka 1997, Likoni na sehemu za Kwale zilipatwa na machafuko. Watu waliuawa, wengi wakahama makwao, na katika silaha zilizotumika zilikuwamo pinde na mishale. Wako majirani zetu ambao mpaka leo wakiona kundi la vijana wenye pinde moyo hupiga. Kwa hivyo twawashurutisha: mazoezi yafanywe mchana, uwanjani, baada ya Alasiri, si vichakani wala usiku, chifu na wazee wa mtaa waarifiwe kabla, na jirani yeyote, awe Muislamu au asiwe, akitaka kuja kutazama au kujaribu, apewe nafasi. Asiyeikubali sharti hii, shabaha yetu si yake.

Limebaki la zawadi. Mtume (S.A.W.) ameruhusu kushindania zawadi katika mishale, ngamia na farasi. Akitokea mtu asiyeshindana akatoa kilo mbili za sukari kwa atakayeshinda, ni halali bila ya mashaka. Vile vile mmoja wa washindani akitoa peke yake. Lakini kila mmoja akitoa shilingi zake, na mshindi akazibeba zote, hiyo ni kamari, isipokuwa aingie kati yao mshindani wa haki asiyetoa kitu, ambaye akishinda huchukua na akishindwa hatozwi. Masharti yake ni marefu, na kwa vijana wa darsa ni salama waiache njia hiyo.

Gunia la kwanza limekwisha kushonwa, nalo limewekwa ukumbini mwa madrasa kwa mwenye kutaka kulitazama. Matambara bado yahitajika kwa la pili. Darsa ijayo, inshaallah, tutasema juu ya upinde wenyewe na upote wake.