Mkoba Usiochopolewa: Mbinu za Kutembea Kisiwani Mombasa Mali Yako Ikiwa Salama

Kutoka Makadara hadi soko la Marikiti, ukapitia Biashara Street na kuingia Mji wa Kale mpaka Fort Jesus, ni mwendo wa miguu tu. Ndani ya mwendo huo utabanana na wanunuzi, utapishana na mikokoteni na tuktuk, na mikono yako yote miwili itakuwa na shughuli. Hapo ndipo mchopozi anapofanyia kazi. Hahitaji nguvu wala silaha. Anahitaji sekunde chache za wewe kutazama kwingine, na mkoba unaofunguka upesi.

Kwa hivyo una kazi mbili. Kwanza, chagua mkoba ulio mgumu kufunguliwa na mtu mwingine. Pili, jipange ili wewe mwenyewe usilazimike kuufungua njiani. Hii ya pili ndiyo kubwa zaidi, na haina gharama.

Ukienda kununua mkoba

Chukua wa kupitisha kifuani. Mkanda ukae bega moja, mkoba uangukie ubavu wa pili, kisha uuvute mbele ya tumbo. Mkoba wa kutundika bega moja huondoka kwa mvuto mmoja. Kikapu cha mdomo wazi ni cha nyanya na mchicha. Usitie simu wala kipochi humo.

Jaribu zipu. Zipu nyembamba za nailoni zina udhaifu: ncha ya kalamu ikisukumwa katikati ya meno, zinaachia. Kisha mwizi akivuta kishikio huku na huku, zipu inajifunga tena kana kwamba haikuguswa, nawe hutambui mpaka ufike nyumbani. Tafuta zipu nene yenye meno makubwa ya chuma au plastiki ngumu.

Angalia zipu inaelekea wapi. Iliyo bora ni ile inayogusa mwili wako ukivaa mkoba. Ikiwa zipu ina vishikio viwili vinavyokutana, vifunge pamoja kwa pete ya ufunguo au kufuli ndogo. Pete hiyo haimzuii mwizi kabisa, lakini inamchelewesha, na mwizi wa mfukoni hapendi kuchelewa.

Vuta mkanda kwa nguvu. Tazama pale unapoungana na mkoba. Mshono wa mraba wenye msalaba katikati hushika vizuri kuliko mstari mmoja wa uzi. Mkanda mpana huchukua muda kukatwa. Mwembamba huisha kwa wembe mara moja.

Pima kitambaa. Kuna mikoba ya safari, kama ile ya Pacsafe, iliyotiwa wavu wa chuma ndani ya kitambaa na waya ndani ya mkanda ili wembe usipite. Ukiimudu, ni mizuri. Usipoimudu, nunua wa turubai nzito wenye bitana imara. Wembe ukipita kitambaa cha nje, bitana itakupa nafasi ya kushtuka.

Usilipie mbwembwe. Mikoba mingine huuzwa ghali kwa sababu inazuia kadi ya benki kusomwa kwa mbali. Anayekuvizia Marikiti anataka simu na noti. Pesa yako itumie kupata zipu na mkanda imara.

Mkoba usijitangaze. Begi la kompyuta lenye nembo kubwa linamwambia kila mtu kilichomo. Tia kompyuta kwenye begi la kawaida la mgongoni, na ukiingia penye watu wengi, lihamishe kifuani.

Tumia fundi wako wa cherehani

Mfuko salama kuliko yote ni ule usioonekana. Nunua kitambaa kigumu Biashara Street pamoja na zipu fupi, umpelekee fundi. Mwambie akushonee mfuko wa ndani kwenye buibui, sketi au kiuno cha suruali.

Ukivaa kanzu, kumbuka kuwa mfuko wake wa ubavuni ni wa kina kirefu lakini mdomo uko wazi. Fundi atautia zipu au kifungo. Kwa suruali, fanya hivyo kwenye mfuko mmoja wa mbele. Mfuko wa nyuma uache mtupu.

Gawa mali yako kabla ya kutoka

Pesa za njia ziwe peke yake. Nauli, maji na kahawa: sarafu na noti ndogo, mfuko wa mbele. Hizi ndizo pekee utakazozitoa hadharani.

Pesa za manunuzi zikae kwenye kipochi ndani ya mkoba. Ukifika dukani, ingia ndani, geukia kaunta, kisha ufungue. Usihesabie pesa mlangoni.

Akiba ikae kwenye mfuko ule wa ndani: noti kubwa moja au mbili na kadi moja ya benki. Usiiguse njiani kabisa. Ukiihitaji, tafuta mahali pa faragha. Kila unapoipapasa kuhakikisha bado ipo, unamwonyesha anayekutazama ilipo.

Toa kitambulisho nyuma ya simu. Wengi wetu tunakiweka ndani ya kava, tukidhani ni salama. Simu ikienda, mwizi anapata simu, laini, namba yako ya kitambulisho na tarehe yako ya kuzaliwa kwa mkupuo mmoja. Ikiwa PIN yako ya M-Pesa ni mwaka uliozaliwa, umempa kila kitu, pamoja na uwezo wa kukopa Fuliza kwa jina lako. Badilisha PIN leo, na kitambulisho ukiweke mfuko mwingine.

Funga laini kwa PIN yake. Hii si PIN ya M-Pesa wala ya kufungua simu. Ni ya laini yenyewe, na utaipata kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Bila hiyo, mwizi huchomoa laini yako, akaitia kwenye simu nyingine na kuanza kupokea ujumbe wa benki. Hifadhi nyumbani ile kadi uliyopewa na laini, maana ina namba ya PUK. Utaihitaji ukisahau PIN.

Bonyeza *#06#. Itakuja namba ya IMEI ya simu yako. Iandike kwenye karatasi na uiache nyumbani. Polisi watakuuliza.

Ukiwa njiani

Marikiti: mkoba mbele, mkono mmoja juu yake. Unapoinama kuchagua maembe au kunusa viungo, mkoba huelekea kubaki nyuma. Uvute mbele kwanza, ndipo uiname. Ukibeba mifuko mingi, mpe mchukuzi mizigo mizito na wewe ubaki na mkoba.

Mji wa Kale: kaa upande wa ukuta. Njia ni nyembamba na pikipiki hupita karibu sana. Mkoba uwe upande wa ukuta, bega lako la pili ndilo lielekee njia. Kwenye barabara kubwa kama Digo Road, tembea ukielekeana na magari, ili pikipiki isikujie kwa nyuma.

Simu isitembee mkononi. Ukitaka kupiga au kusoma ramani, simama, weka mgongo ukutani au ingia dukani. Maliza, irudishe, ndipo uendelee.

Fort Jesus: ijue njia yako mapema. Ngome hii ya Wareno, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, huvuta wageni wengi, na wanaowafuata wageni nao huja. Ukitaka wa kukutembeza, mwombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi na mpatane bei kabla. Unapopiga picha, mkanda wa mkoba uwe umepita kifuani. Usiuweke chini kando ya mguu.

Matatu: shika nauli mkononi kabla halijafika. Usifungue kipochi mlangoni. Chunga wanaosukumana kupanda kisha hawapandi. Hao walikuja kwa ajili ya mifuko. Ukihisi msukumo usio wa kawaida, rudi nyuma na usubiri linalofuata. Ukikaa dirishani, funga kioo au weka simu mbali, hasa gari linaposimama kwenye foleni.

Feri ya Likoni: jiandae kabla lango halijafunguliwa. Asubuhi na jioni umati huteremka kwa pamoja. Begi la mgongoni lihamie kifuani ungali umesimama, na simu iingie mfuko wenye zipu. Usikimbie. Wanaokimbia hawahisi mkono mfukoni. Ukiweza, tembea pembeni badala ya katikati ya kundi.

Msikitini: viatu vitie kwenye mfuko na uingie navyo. Begi liweke mbele yako pale unaposujudu, si nyuma ya safu. Simu iliyo kwenye mfuko wa ubavuni wa kanzu huteleza ukienda sijda, kwa hivyo itie ndani ya begi kabla ya kukimiwa.

Idi Uwanjani Makadara: acha nyumbani usichokihitaji. Jioni za Idi watoto hutaka bembea na familia hujaa. Beba pesa za siku hiyo tu. Mtoto mwandikie namba yako ya simu kwenye karatasi na uitie mfukoni mwake. Mzazi anayemtafuta mtoto aliyepotea hatazami mkoba wake.

Basi na treni: mzigo mkubwa uende buti, vitu vya thamani vibaki nawe. Kwenye basi la usiku, weka begi dogo katikati ya miguu na uzungushe mkanda kwenye mguu mmoja. Chakula au soda ya usiyemjua, kataa kwa upole. Wapo waliolala safari nzima kwa dawa na kuamka mikono mitupu. Ukienda na treni ya SGR kutoka Miritini, mabegi hukaguliwa kabla hujaingia. Yahesabu kabla ya ukaguzi na uyahesabu tena baada yake.

Ujue mtego

Wachopozi mara nyingi huja kwa kundi. Mmoja anakuziba njia, wa pili anachopoa, wa tatu anapokea na kuondoka. Ukimshika wa pili, hana kitu.

Kinachokuja kwanza ni cha kukushughulisha. Mtu anakuambia nguo yako imechafuka. Mwingine anaangusha sarafu miguuni pako. Wawili wanagombana mbele yako kwa sauti. Mwingine anakuita kwa furaha kama ndugu mliyepoteana. Chochote kinachokushtua ghafla, jibu ni moja: mkono kwenye mkoba kwanza, kisha tazama.

Kamari ya pata potea usiisimamie, hata kwa kutazama tu. Watazamaji wengi hapo ni wenzao, na wewe ndiye unayetafutwa.

Ukiibiwa

Usipige kelele za "mwizi!" Najua inauma. Lakini hapa kwetu kelele hiyo inaweza kuleta umati wenye mawe na matairi, na huenda anayepigwa si aliyekuibia. Simu hununuliwa tena, roho hairudi. Ingia duka la karibu au mwendee askari, ueleze.

Akikuonyesha kisu, mpe. Usibishane wala usimfuate kwenye vichochoro.

Azima simu mara moja. Kama laini yako ni ya Safaricom, piga 100 kwa laini nyingine ya Safaricom, uombe laini na M-Pesa zifungwe. Kisha ipigie benki yako. Fanya haya kabla ya kwenda popote, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo mwizi anazozitumia kuhamisha pesa.

Ifunge simu kwa mbali. Google na Apple zote zina huduma ya kuitafuta simu na kuifunga kupitia simu nyingine, mradi uliiwasha mapema. Ikikuonyesha ilipo, usiende peke yako. Wape polisi habari hiyo.

Nenda kituo cha polisi. Omba tukio liandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio, na upewe namba yake, kisha abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti yako. Bila abstrakti utapata taabu kupata kitambulisho kipya. Kwa dharura, piga 999 au 112.

Anza leo

Kabla hujalala, fanya mambo matatu. Toa kitambulisho kwenye kava la simu. Weka PIN kwenye laini. Gawa pesa za kesho mafungu matatu. Kisha kesho mpitie fundi na nguo moja akutilie mfuko wa ndani. Hayo manne yatakulinda kuliko mkoba wa bei kubwa uliojaa kila kitu chako. Mfundishe na mama, na mdogo wako, na mgeni anayekuja kututembelea, ili Mombasa waifurahie na warudi na mali yao.