Shangazi, niuze shamba nikasome masta?

Mimi ni kijana wa miaka 26, kwetu Muyinga, ila naishi Magarama hapa Gitega. Mwaka jana nilimaliza masomo ya kompyuta na memwari (tasnifu) yangu nikaitetea vizuri. Kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka miwili. Nilipobahatika kuitwa na shirika moja Bujumbura, walinikalisha mbele ya kompyuta wakasema: programu hii ina hitilafu, itafute, uirekebishe, kisha urudishe kazi kwa Git. Sikujua hata pa kuanzia. Sasa napiga chapa na kutoa fotokopi kwenye sekretariati karibu na soko, na wenzangu wananiita “enjenia wa fotokopi”. Baba mdogo yuko tayari kuuza shamba la kahawa ili nikasome masta. Nikubali? Na hii kazi ya fotokopi niiandike kwenye wasifu wangu au niifiche?

Enjenia wa Fotokopi, Magarama

Mwanangu. Nianze na shamba, maana ndilo lenye haraka. Lisiuzwe. Nchi hii ardhi ni finyu, na aliyeuza leo hapati pa kununua kesho. Tena masta itakuongezea kile ambacho tayari unakiweza: kusikiliza somo, kufanya mtihani, kuandika memwari nyingine iliyo nene zaidi. Wale wa Bujumbura hawakukukataa kwa upungufu wa vyeti.

Acha nikisie memwari yako. Ni mfumo wa kusimamia wagonjwa wa hospitali fulani, au vitabu vya maktaba fulani, sivyo? Mbinu ya Merise mwanzo mwisho, michoro yake ya MCD na MLD imepigwa rula, picha za skrini zimepangwa nyuma, na hiyo hospitali haijawahi kuutumia mfumo huo hata asubuhi moja. Sikucheki. Merise imetoka Ufaransa tangu miaka ya 1970, na inamfundisha mtu kufikiri kabla ya kugusa kibodi. Walimu wako hawakukosea kukupa. Ila waliishia hapo. Hukuwahi kuishi na programu yako baada ya kuimaliza. Hakuna mhasibu aliyekupigia simu alfajiri kwamba jumla haikubali, wala hukuwahi kufungua msimbo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, hana simu, na hakuacha maelezo. Kazi ya mwanzo karibu yote ni hiyo ya pili, na ndiyo uliyowekewa mezani siku ile.

Waajiri nao wasikwepe lawama. Kumdai anayeanza uzoefu wa miaka miwili ni kutaka mwenzako agharimie mafunzo, wewe uvune. Wala si tabia ya Burundi peke yake. Andela, kampuni iliyojenga jina kwa kufundisha vijana wa Lagos, Nairobi na Kampala ili wafanyie kazi makampuni ya ng’ambo, ilipunguza mamia ya wahandisi wake chipukizi Septemba 2019, ikieleza kwamba wateja wanataka wenye uzoefu zaidi. Wale walikuwa wamefundishwa hasa kwa ajili ya soko. Basi usiku ukikosa usingizi, usijihesabie ujinga ambao si wako.

Sasa kazi iko wapi? Nadhani unatafuta tangazo lenye neno “mtengenezaji programu”, na matangazo hayo ni machache hata Bujumbura. Tazama upande wa afya. Tangu Aprili 2010 vituo vya afya nchini vinalipwa kwa kadiri ya huduma vilizotoa, kwa hiyo tarakimu iliyokosewa ni fedha iliyopotea. Takwimu za wizara zinapita kwenye DHIS2, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo. Hospitali kadhaa zinatumia OpenClinic kwa kumbukumbu za wagonjwa. Mifumo yote miwili ni ya bure, unaipakua, unaisimika kwenye kompyuta yako, unaiharibu, unaitengeneza. Nenda kaombe staji, yaani mafunzo kazini, kwenye ofisi ya wilaya ya afya, lakini usifike mikono mitupu ukisema “nataka kujifunza”. Fika umekwisha kuisimika nyumbani, na una swali linaloonyesha umekwama wapi.

Git nayo, hiyo programu ya kutunza kila toleo la msimbo, isikutishe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya waandishi wa Linux waliotawanyika duniani, na sehemu kubwa yake haihitaji intaneti: unahifadhi kila hatua kwenye mashine yako, siku ukipata megabaiti unatuma. Kwa mtu wa Magarama anayehesabu vifurushi, sijui kifaa kinachomfaa zaidi. Na ujumbe wa hitilafu usome mpaka mwisho, hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Wengi wetu tuliosomea Kifaransa tuna mazoea ya kuufunga kabla ya kuusoma.

Nije kwenye fotokopi, ambayo naona inakuumiza kuliko hata yale mahojiano. Mwanangu, hapo ulipo una mali ambayo wenzako hawana: watu wenye shida halisi, kila siku, mbele yako. Shule si huleta mitihani ya kuchapa kwa mkopo? Bosi wako anaandika madeni wapi, kwenye daftari? Nani alimlipa nani, na kurasa ngapi zilizoharibika ni hasara ya nani? Mwandikie programu ndogo ya madeni hayo. Iwe ndogo kweli. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, deni lisipotee. Hilo peke yake litakufundisha hifadhidata kuliko muhula mzima. Atalalamika, utarekebisha, atalalamika tena. Atakapoanza kukasirika kwa sababu programu imegoma, ujue anaitegemea. Baada ya miezi michache mpe rafiki yako mmoja msimbo wote, aweke kitu chake humo bila kukuuliza. Akishindwa, maelezo yako ndiyo mabovu.

Kwa hiyo fotokopi iandike kwenye wasifu, tena juu, si chini pamoja na “kupenda mpira”. Andika: sekretariati, Gitega, nilitengeneza na ninatunza mfumo wa madeni unaotumika kila siku. Mstari huo utaulizwa maswali, na safari hii majibu utakuwa nayo. Hilo jina walilokupa wenzako waachie.

Baba mdogo umpigie mwenyewe, usimtume mtu. Mshukuru kwanza, kwa maana mtu hatoi kahawa yake kwa ajili ya mtoto wa kaka yake kama hampendi. Kisha mwombe kiasi kidogo tu, cha kompyuta iliyotumika yenye betri nzuri, na umwambie utamlipa kwa awamu. Mpigie kabla hajapokea arbuni ya mtu.