Pumu: pampu ya bluu peke yake haitoshi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa ya kuzuia mashambulio ni adimu kuliko dawa ya kuyatuliza. Karibu maswali yote niliyoletewa kwa makala haya yanazunguka jambo hilo moja, ingawa kila aliyeuliza amelifikia kwa njia yake.

Shikamoo daktari. Nina pumu tangu utotoni. Kifua kikibana navuta pampu ya bluu, na baada ya dakika chache nimepona. Sasa hospitali wameniandikia pampu nyingine ya kuvuta kila siku, hata nikiwa mzima. Ya nini?

Marahaba. Ukivuta ile ya bluu unapata nafuu, lakini hujapona. Njia za hewa za mwenye pumu zina mambo mawili yanayokwenda pamoja. Ukuta wake wa ndani umevimba na unatoa makohozi mazito. Na misuli inayozizunguka ni miepesi ya kukaza inapokutana na vumbi, moshi, mafua au baridi ya alfajiri. Salbutamoli iliyomo kwenye pampu ya bluu inalegeza misuli kwa saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi kabisa.

Na uvimbe huo upo hata siku unazocheza mpira bila shida. Ndiyo maana shambulio kali linaweza kumpata mtu aliyelala akiwa hana dalili yoyote. Hiyo pampu ya pili ina steroidi, inayopunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki. Ukiivuta huhisi chochote, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuiacha.

Lakini ya bluu inanisaidia kweli. Kuna ushahidi gani kwamba kuitegemea peke yake ni hatari?

Upo, na umegharimu maisha ya watu. Kuanzia mwaka 1976, vifo vya pumu nchini New Zealand vilipanda ghafla, wengi wa waliokufa wakiwa vijana. Watafiti wa Wellington waliwalinganisha waliokufa na wagonjwa wengine wa pumu, wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1989: waliokuwa wameandikiwa fenoteroli, dawa ya ukoo mmoja na salbutamoli lakini yenye nguvu zaidi, walikuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao. Walipingwa vikali. Hata hivyo dawa ile iliwekewa vikwazo, na vifo vikashuka.

Mwaka 2000 ukaja utafiti wa jimbo la Saskatchewan, Canada, uliofuatilia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 30,000. Kila kopo moja zaidi la steroidi ya kuvuta ambalo mgonjwa alilitumia ndani ya mwaka liliambatana na kupungua kwa hatari ya kufa kwa asilimia 21. Na dozi zenyewe zilikuwa ndogo.

Kisha Uingereza, mwaka 2014, ikatoka ripoti ya madaktari waliopitia vifo 195 vya pumu kimoja kimoja. Kati ya wagonjwa ambao idadi ya pampu zao za kutuliza ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Karibu nusu ya waliokufa walikata roho kabla hawajatafuta msaada, au kabla msaada haujawafikia. Hii ni nchi ambayo matibabu hayalipiwi mlangoni.

Kwa hiyo hesabu makopo yako ya bluu. Ukitumia matatu au zaidi kwa mwaka, uwezekano wa kupata shambulio kali unapanda. Ukifika 12, hatari ya kufa nayo inapanda. Pampu ya bluu usiitupe. Lakini kama inaisha upesi, nenda kwa daktari ukiwa nayo mkononi umwonyeshe.

Nimesikia kuna pampu moja inayofanya kazi zote mbili. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu ndiyo hatua kubwa zaidi katika pumu ya kawaida kwa miaka mingi. Ndani yake mna budesonidi, ambayo ni steroidi, pamoja na fomoteroli, inayofungua kifua upesi kama salbutamoli lakini hudumu muda mrefu zaidi. Matokeo ya majaribio mawili makubwa yaliyoitwa SYGMA yalitoka mwaka 2018. Moja liliongozwa na Profesa Eric Bateman wa Cape Town. Watu wenye pumu nyepesi, wa miaka 12 na kuendelea, walivuta mchanganyiko huo pale tu walipobanwa. Katika jaribio la kwanza walipata mashambulio makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kufungua kifua peke yake. Ukiwalinganisha na waliopangiwa steroidi kila siku, mashambulio yalikaribiana, ilhali wao walivuta asilimia 17 tu ya kiasi kile cha steroidi.

Siri yake ni kwamba watafiti waliacha kugombana na tabia ya binadamu. Mtu hukumbuka dawa anapoumwa. Basi wakaitia steroidi ndani ya dawa ileile anayoikimbilia. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa pumu, likaacha kupendekeza dawa ya kutuliza peke yake kwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi. Mwaka 2025 jaribio la mchanganyiko huo nchini New Zealand kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 wenye pumu nyepesi likaonyesha mashambulio pungufu kwa asilimia 45 kuliko kwa salbutamoli.

Mchanganyiko huu umo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuupata dukani kwa bei ambayo fundi cherehani au dereva wa bodaboda ataimudu ni shughuli nyingine, na hapo serikali zetu zinadaiwa. Ukiukosa, muulize daktari kuhusu njia ya pili iliyomo kwenye mwongozo wa GINA: kila unapovuta ya bluu, uvute na ya steroidi.

Steroidi hazitamdumaza mwanangu?

Hofu yako ina msingi, mama, ila tuipime kwa namba. Mpulizo mmoja wa budesonidi huwa na mikrogramu 100 au 200. Mtu mzima akilazwa kwa shambulio, hupewa vidonge vya prednisoloni miligramu 40 kwa siku, yaani mikrogramu 40,000. Dawa ya kuvuta huenda kwenye kifua chenyewe, na kinachofika mwilini kwingine ni kidogo.

Lakini si sifuri. Watoto wa Marekani na Canada waliotumia mikrogramu 400 kila siku kwa miaka minne hadi sita walikuwa watu wazima wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2. Mimi ningezitoa sentimita hizo bila kusita, kuliko mtoto kukosa usingizi na shule. Daktari apunguze dozi pumu inapotulia. Mtoto asukutue mdomo na kutema kila akimaliza, asipate utando mweupe.

Pumu inaambukiza?

Hapana. Kula na mwenye pumu, lala naye.

Mtoto wangu wa miaka mitano hawezi kuvuta pampu, kwa hiyo tunampa salbutamoli ya maji.

Dawa ya maji huchelewa, na kwa sababu inapita mwili mzima humtetemesha mtoto na kuufanya moyo wake uende mbio. Tumia pampu na chupa. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba, kwa watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wamebanwa, chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawa na chemba ya kuvutia dawa inayouzwa dukani.

Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liwe na umbo la mdomo wa pampu, ichomeke, kisha ziba pembeni kwa gundi; isipozibwa vizuri dawa hupotea. Mtoto afunge midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena.

Nitajuaje kwamba ni wakati wa kukimbilia hospitali?

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, akisinzia, au ile ya bluu isipomsaidia kama kawaida. Mketishe wima, usimlaze. Mpe mipulizo minne hadi kumi kwa chupa, mmoja mmoja, na urudie kila dakika 20 mkiwa njiani. Mkifika, mwambie mhudumu umempa mipulizo mingapi, na wa mwisho ulikuwa saa ngapi.